Kikombe cha stroberi SI gramu 250, usifungue sukari bado

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema maelekezo ya jamu yanataka kilo ya stroberi kwa kilo ya sukari, mizani huna, kikombe chako ni cha mililita 250, kwa hiyo utachota vikombe vinne umalize kazi. Tuanze na hivyo vikombe vinne.

Hesabu hiyo ni ya maji! Stroberi nzima zikikaa kikombeni huacha mapengo, na mapengo ni hewa. Kikombe cha Kimarekani (kama mililita 237) hubeba takriban gramu 144 za stroberi nzima, 166 zikikatwa vipande, 232 zikisagwa. Tunda ni lile lile. Vikombe vyako vinne vya stroberi nzima ni kama gramu 600, na wewe unataka kuzimwagia kilo nzima ya sukari.

Mimi yalinikuta. Kuna jedwali mtandaoni limeandika "matunda, kikombe 1 = gramu 240", basi. Tunda gani? Zima au limepondwa? Kikombe cha nchi gani? Kimya. Nikaliamini, sukari nikamimina pakiti ya kilo kamili. Sufuriani ilikuwa inang'aa, nikajaza chupa kwa furaha. Baada ya siku chache chupa zote chenga za sukari, kijiko hakizami, ladha ya tunda hakuna, ni utamu mtupu. Nikaongeza maji nikachemsha upya, ikawa sharubati isiyoganda tena. Ndivyo inavyokuwa: jamu huganda pektini (kitu cha asili ndani ya tunda kinachogandisha), asidi na sukari vikiwa kwa uwiano unaofaa, na tunda likipungua, pektini yake na asidi yake vimepungua pia. Nikamwaga yote. Aliyeandika jedwali lile hajawahi kuweka tunda kwenye mizani, nakuapia, na watu bado wanalisambaza kila wiki! Na wale wa "kadiria tu kwa macho", wakadirie kachumbari ya matunda, jamu na keki wawaachie wenzao.

Kwa hiyo: pima tunda LAKO, likiwa limemenywa, limetolewa kokwa na kukatwa vile maelekezo yanavyotaka, kwa mizani. Azima hata ya jirani. Jaza kikombe chako mara moja, soma gramu, ziandike ukutani. Ndizi ya vipande ni kama gramu 150 kwa kikombe cha Kimarekani, iliyopondwa ni kama 225, sasa fikiria keki ya mtu aliyechanganya hizo mbili.

Mizani ikikosekana kabisa, ponda stroberi zote kwanza ndipo upime. Zikishapondwa hewa imetoka, uzito unakaribia wa maji, na hapo vikombe vyako vinne vya 250 vitakaribia kilo kweli. Zikiwa nzima, hapana. Sukari iache kwenye pakiti mpaka ujue una gramu ngapi za tunda.