Lipe dirisha jina

Mtu wa mapokezi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha ana simu sikioni na orodha ya wageni kwenye kioo. Akibofya jina la mgeni anataka kuona anapanda Kilimanjaro kwa Machame au Marangu, hali chakula gani, anapokelewa uwanja wa ndege wa KIA saa ngapi. Na orodha isimpotee. Kwa kazi kama hiyo dirisha ibukizi (popup), lile dogo linalojitokeza juu ya ukurasa, bado lina nafasi yake, ingawa matangazo yamelichafulia jina.

Mifumo mingi ninayoitwa kurekebisha imeandikwa kwa JavaScript hivi: `window.open(anwani, "_blank")`. Kila mtu wa mapokezi akibofya, dirisha jipya. Kufika saa sita mchana hajui tena lipi ni la mgeni yupi, na hapo ndipo mtu wa Machame anapoandikiwa gari la Marangu.

Mimi huandika hivi:

`dirisha = window.open(anwani, "mgeni", "popup,width=600,height=500");`

Neno "mgeni" ni jina la dirisha. Usiweke nafasi ndani yake. Kivinjari kikikuta dirisha la jina hilo liko wazi, kinapakia ukurasa humo humo. Vipimo hufanya kazi linapofunguliwa mara ya kwanza tu. Kwa kuwa linaweza kubaki limefichwa nyuma ya orodha, ongeza `dirisha.focus()`.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wanapoliza wateja. Ukiita `window.open` tena kwa anwani ile ile, ukurasa unaweza kupakiwa upya, na fomu iliyojazwa nusu ikafutika. Kama nia ni kulileta mbele tu, uliza kwanza: `if (dirisha && !dirisha.closed) dirisha.focus();`. Orodha yenyewe ikipakiwa upya, kigezo `dirisha` kinapotea, lakini `window.open("", "mgeni")` hukirudisha bila kugusa kilichomo. Ila kama dirisha lilishafungwa, utapata jipya, tupu.

Usibandike `noopener` hapa, yaani chaguo linalokata uhusiano kati ya dirisha jipya na ukurasa uliolifungua. Ukiiweka, unarudishiwa `null` (hakuna kitu) na kila mara linafunguka dirisha jipya, hata ukilipa jina. Ibakize kwa viungo vya tovuti za watu.

Halafu kuna kuzuiwa. Kivinjari hukubali dirisha linalotokana na kubofya kwa mtumiaji. Ukisubiri kwanza jibu la seva, na mtandao wetu ukiwa unasuasua, ruhusa inakwisha na unapata `null`. Fungua dirisha papo hapo, likiwa tupu, kisha jibu likifika weka anwani kwenye `dirisha.location.href`. Likizuiwa hata hivyo, muoneshe kiungo cha kawaida abofye mwenyewe.

Kwenye simu vipimo havisaidii kitu, dirisha hufunguka kama kichupo. Waongozaji walioko njiani nawawekea taarifa kwenye kisanduku ndani ya ukurasa ule ule, kwa tagi ya HTML `<dialog>`.