Waridi jekundu linalonukia kweli

Dada, umeuliza kwa nini waridi lako jekundu ni zuri lakini halinukii, na sasa upande aina gani. Si kosa lako. Aina nyingi zilizalishwa kwa ajili ya umbo na kudumu kwenye chombo cha maua, harufu ikasahaulika.

Mimi ningechukua Mister Lincoln, mwaridi uliotoka Marekani mwaka 1964. Ua lake ni jekundu iliyokolea, petali laini kama mahameli, na asubuhi jua likianza kulipasha, harufu inakufikia kabla hujainama. Papa Meilland wa Ufaransa nao unanukia sana, ila ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani huuandama mno. Kwa anayeanza, uache kwanza.

Panda penye jua la kutosha, saa zisizopungua 6 kwa siku, na samadi iliyooza vizuri. Maji yasituame. Mwagilia shinani, majani yabaki makavu. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukikata ua, kata juu kidogo ya jicho (pale kwenye shina tawi jipya linapochipukia) linalotazama nje, ili hewa ipite katikati ya kichaka. Na tafadhali, kabla ya kununua mche, subiri uone ua lililofunguka nusu, ulinuse mwenyewe.