Timu imeshinda, mkeka umechanika: handikapu ya -1

Pole, ndugu yangu wa Majengo. Unasema ulibeti, ukaipa timu yako handikapu ya -1, ikashinda 1-0, na pale dirishani Moshi mjini wakakwambia tiketi, yaani mkeka wako, imekufa. Hujaibiwa, ila sikulaumu. Hata mimi nililijua hili baada ya kuliwa.

-1 maana yake timu yako inaanza ikiwa nyuma bao moja. Kwa hiyo 1-0 yako wanaihesabu 1-1, sare. Mtego upo hapo. Handikapu ya Ulaya, ambayo mara nyingi huandikwa 0:1, ina machaguo matatu, na sare ni mojawapo. Wewe hukuichagua, basi umepoteza. Ya Asia haina chaguo la sare: ungerudishiwa dau lako.

Ukikuta -1.5, sahau kurudishiwa. Lazima ushindi wa mabao mawili au zaidi.

Wengi huchanganywa na -0.75. Dau linagawanywa, nusu kwenye -0.5 na nusu kwenye -1. Weka 2,000 kwa odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) ya 1.90, timu ishinde 1-0: nusu ya kwanza inakupa 1,900, ya pili inarudi 1,000 ilivyo. Jumla 2,900. Ikitoka sare, zote zimekwenda.

Mechi za mtoano huhesabiwa kwa dakika 90 na za majeruhi tu, isipokuwa waandike vinginevyo. Na hela ya ada ya mtoto usiiguse, hata kama odi inakukonyeza.