Maswali na Majibu: Mdomo na Tumbo la Kondoo Mkubwa

Kondoo wangu watatu wana vidonda midomoni. Jirani anasema ni sotoka, muuza dawa anasema vitapona vyenyewe. Nimwamini nani? (Mfugaji, Longido)

Kabla ya kumwamini yeyote, mpime kondoo joto na umtazame ndani ya kinywa. Ugonjwa wa vigaga vya midomo huota magamba magumu pembezoni mwa midomo na puani, mnyama mkubwa huendelea kuchangamka, na kwa kawaida magamba hudondoka baada ya wiki 3 au 4. Vaa glavu unapomshika, kwa sababu ugonjwa huo humwambukiza pia binadamu.

Sotoka ya mbuzi na kondoo huja kwa namna nyingine: homa ya nyuzi 40 hadi 41, makamasi na tongotongo zinazoganda, vidonda vyenye harufu mbaya kwenye ufizi, ulimi na ndani ya mashavu, kisha kuhara na kupumua kwa shida. Ukiyaona hayo, watenge wagonjwa, usipeleke hata mnyama mmoja mnadani, na umwarifu afisa mifugo siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu, ambao nchini Tanzania ulithibitishwa mwaka 2008 wilayani Ngorongoro, hauna dawa ya kuua kirusi chake; antibiotiki hudhibiti tu bakteria wanaoingilia mwili uliokwisha dhoofika. Chanjo ipo, na kinga yake hudumu miaka 3 au zaidi, kwa hiyo huzuni yangu ni kubwa kila ninaposikia zizi lililoteketea bila kuchanjwa.

Kondoo jike wangu mzee hushinda malishoni lakini anakonda, na shavuni huhifadhi donge la majani.

Tatizo linaelekea kuwa kwenye magego. Kondoo hana meno ya mbele upande wa juu. Hukata majani kwa kuyabana kati ya meno 8 ya chini na ufizi mgumu, na meno hayo hukamilika akifikia miaka 4 hivi, kisha huanza kulegea na kung'oka. Magego papasa kwa nje ya shavu, wala usiingize vidole, kwani kingo zake hukata. Akiwa na gego lililovunjika au uvimbe kwenye mfupa wa taya, mlishe chakula laini kwa muda, halafu umwondoe kundini kabla hajaisha mwili.

Ninawanywesha dawa ya minyoo kila mwezi, lakini bado wanavimba chini ya taya na kufa. (Mfugaji, Narok)

Huenda huko kunywesha kila mwezi ndiko kulikowazoesha minyoo dawa. Mnyoo anayefyonza damu katika tumbo la nne hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Damu ikipungua, protini hupungua nayo, na maji hujikusanya chini ya taya. Mnyoo huyu kwa kawaida haleti kuhara, hivyo kinyesi kigumu kisikupe matumaini. Funua kope la chini: likiwa jekundu, mwache, likiwa limepauka kama karatasi, mtibu leo, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake halisi. Peleka kinyesi maabara kabla ya dawa na tena baada ya wiki 2, ili ujue kama dawa hiyo bado inafanya kazi. Iwapo mnalisha kwenye majimaji, omba pia uchunguzi wa minyoo bapa wa ini, ambao huleta uvimbe wa aina hiyo hiyo. Ukichagua dume la mbegu, usimdharau kondoo mwekundu wa Kimasai kwa udogo wake. Huwastahimili minyoo hawa kuliko kondoo wa nyama aina ya Dorper, na mfugaji anayemwacha akifuata uzito wa nyama peke yake hupoteza hazina.

Kondoo amevunja ghala, akala mahindi mengi. Sasa amesimama akisaga meno.

Usisubiri kesho. Wanga mwingi huchachuka tumboni ukawa asidi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mwondolee nafaka yote, mwekee majani makavu, na umwite daktari wa mifugo ampe dawa ya kuzimua asidi. Mafuta ya kupikia hufaa tumbo lililojaa povu baada ya kula majani mabichi ya jamii ya kunde, lakini hayaondoi asidi. Atakapopona, nafaka irudishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2.