Wi-Fi ya USB imegoma baada ya kusasisha Linux

Kaka, hicho kidude cha Wi-Fi ulichonunua Kariakoo hakijaungua. Kama chipu yake ni RTL8188EU, draiva yake ya zamani (programu inayoiendesha), r8188eu, ilikuwa kwenye folda ya staging ya kerneli, yaani kiini cha Linux, karantini ya msimbo ambao bado mchafu. Mwaka 2023, kwenye kerneli toleo la 6.3, ikafutwa kabisa, maana draiva nyingine, rtl8xxxu, iliyoandikwa kwa usafi zaidi, inaiendesha chipu hiyo hiyo. Nani atunze draiva mbili kwa kazi moja?

Sasa fungua /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva. Nadhani utakuta mstari “blacklist rtl8xxxu”, unaoizuia draiva hiyo isipakiwe, ule tuliokuwa tunaubandika zamani bila kuuliza (hata mimi niliuweka). Ufute, washa kompyuta upya. Kikigoma bado, weka hapa majibu ya amri lsusb (orodha ya vifaa vya USB) na dmesg (ujumbe wa kerneli).