Muulize Dada Fundi: Usiiuze mashine kabla ya kuipa diski mpya

SWALI: Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Baiolojia katika sekondari ya kata, Njombe. Kompyuta yangu mpakato ni HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua mtumba: Core i5, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2025 inaniambia masasisho yamekwisha, na nikijaribu Windows 11 inakataa. Tena ni nzito mno. Naiwasha, nakunywa chai, narudi bado inazunguka. Kijana wa steshenari anasema niiuze kwa bei ya spea, au anipigie window 11 ya kulazimisha. Mwalimu mwenzangu anasema badala ya Windows niweke Linux, ni ya bure. Kazi zangu ni kutunga mitihani, kujaza alama, kuonyesha picha kwa projekta, na intaneti ninatumia ya simu. Naogopa kupoteza mitihani na maandalio yangu ya masomo ya miaka yote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mashine usiiuze, na hiyo window ya kulazimisha usikubali kupigiwa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu zote ni prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Ya kwako ni ya kizazi cha nne. Zipo njia za kuipenyeza, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyopenyezewa hivyo, na kwa RAM ya GB 4 utakuwa umeongeza uzito juu ya uzito. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa, kwako litabaki wazi, nasi wengi tunafungua barua pepe na akaunti za benki kwenye mashine hizo hizo.

Prosesa yako ni nzima. Core i5 ya wakati ule inatunga mtihani, inajumlisha alama za kidato kizima na kurusha picha kwenye projekta bila shida yoyote. Kinachokunywesha chai ni diski. Diski ya kizamani ina sahani inayozunguka na kichwa kidogo kinachohamahama juu yake kutafuta vipande vya faili. Windows 10 inapowaka huomba vipande vingi vidogo kwa wakati mmoja, na kichwa ni kimoja tu kwa kila upande wa sahani, tena vyote hutembea pamoja. SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama. Ndiyo maana nasema kila mara: kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD, mengine yatafuata.

Na hapo hapo ndipo hofu yako ya kupoteza mitihani inapoisha. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha, pamoja na kasha la USB la diski ya saizi hiyo hiyo. Itoe diski ya zamani ikiwa na Windows yake na mitihani yako yote, usifute hata herufi moja. SSD ikae mahali pake, na Linux iwekwe humo. Diski ya zamani iingie kwenye kasha, iwe diski yako ya nje: ukiichomeka, Linux itasoma mafaili yako kama kawaida. Baada ya mwezi mmoja ukiona Linux si yako, unairudisha ile diski mahali pake na kila kitu utakikuta kama ulivyokiacha. Mafundi wengi huanza kwa kufuta diski ya mteja kisha ndipo wanauliza kama alikuwa na kitu cha maana. Hilo linaniumiza sana, kwa sababu wanaolia ni walimu, wanafunzi wa chuo na akina mama wenye picha za watoto wao. Kwa hiyo hata ukimpa fundi kazi, simama pale pale, diski ya zamani itoke mbele ya macho yako. Na kwa kuwa diski hiyo imeshachoka, mitihani inakili pia kwenye flashi moja uiweke nyumbani.

Sasa Linux ipi? Zipo nyingi, na ukiuliza vijana kumi utapewa majina kumi. Kwa mwalimu anayetoka Windows mimi nachagua Linux Mint, toleo lenye mandhari mepesi yaitwayo Xfce. Ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, imejengwa juu ya Ubuntu, ambayo ni Linux nyingine, na toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Wenyewe wanataka angalau GB 2 za RAM na wanapendekeza GB 4, kwa hiyo umo ndani. Menyu iko chini kushoto, folda zinafunguka kwa namna uliyoizoea, na ndani yake utakuta Firefox ya intaneti na LibreOffice ya kazi za ofisi tayari.

Faili la kupakua lina karibu GB 3. Tumia bando la usiku, au mwombe mtu mwenye nakala, lakini kabla ya kulitumia linganisha alama zake za SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu za kuhakiki faili, na zile zilizoandikwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Faili likikatika njiani kwa mtandao mbovu, usakinishaji utakwama katikati na utailaumu mashine bure. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kila kitu kilichokuwamo kwenye flashi hiyo kitafutika, kwa hiyo isiwe ile yenye mitihani!

Kisha usisakinishe kwanza. Chomeka flashi, washa mashine huku ukibonyeza F9, chagua flashi kwenye orodha. Mint itafunguka na kufanya kazi kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, hiyo ni kwa sababu ya flashi. Jaribu sauti, kamera, kibodi yote, na Wi-Fi. Ukiwa humo humo, fungua programu inayoitwa Disks, chagua diski yako ya zamani, tazama taarifa za SMART, yaani za afya ya diski. Ukiona idadi ya sekta zilizohamishwa (vipande vya diski vilivyoharibika) inapanda, diski hiyo iko njiani kufa, na kunakili mitihani lisiwe jambo la kesho.

Wi-Fi ndiyo huwakatisha watu tamaa. Kadi za Intel huwaka zenyewe. Kadi za Broadcom mara nyingi hukataa mpaka uzipe draiva, yaani programu ya kuziendesha, na draiva iko mtandaoni, na mtandao huna. Dawa ni waya wa simu: unganisha simu yako ya Android kwa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint itaiona simu kama waya wa mtandao. Fungua Driver Manager, chagua draiva ya Broadcom, subiri imalize, washa upya mashine.

Kuhusu mitihani. LibreOffice inafungua faili za Word, ila fonti zikibadilika swali la sita linaweza kuruka ukurasa wa pili na mchoro wa figo ukaachwa peke yake. Kwa Calibri tumia Carlito, kwa Times New Roman tumia Liberation Serif. Zina vipimo sawa vya herufi, kwa hiyo mistari haihami sana. Na ukipeleka steshenari kuchapishwa, peleka PDF, usipeleke faili la kuhaririwa. LibreOffice ina kitufe cha PDF pale juu. Jedwali la alama la Excel litafunguka, na fomula za kujumlisha na kupanga nafasi zitafanya kazi. Kama shule yenu inatumia jedwali lenye makro, yaani lile linalokuuliza ruhusa kila unapolifungua, lijaribu kwanza ukiwa bado kwenye flashi. Mengine hukataa, na ni heri ujue kabla ya wiki ya kufunga shule.

Lipo jambo jingine ambalo walimu hulipenda kuliko yote. Vile virusi vinavyogeuza mafaili ya flashi kuwa njia za mkato haviwezi kujiendesha kwenye Linux. Ukichomeka flashi ya mwanafunzi iliyoambukizwa, mafaili halisi ambayo Windows iliyaficha utayaona wazi, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili, zile njia za mkato zifute. Lakini usimpe mwenzako flashi hiyo kabla hujaisafisha, maana yeye yuko kwenye Windows na kwake vitaamka.

Fedha ikipatikana tena, ongeza RAM ya GB 4. Mashine yako ina nafasi mbili, na inataka DDR3L, ile ya volti 1.35. Ya volti 1.5 usikubali kuuziwa hata kwa nusu bei. Mwambie fundi asafishe feni siku hiyo hiyo. Na kwa darasani, weka Kiwix: unapakua Wikipedia mara moja kwenye mashine, kisha wanafunzi wanasoma juu ya bonde la ufa bila bando.

SWALI: Asalaam aleykum Dada Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Unguja. Kaka yangu ananiambia kitu cha bure kina mtego, lazima wanachukua taarifa zangu. Nani analipa?

JIBU: Waaleykum salaam, mdogo wangu. Kaka yako ana haki ya kuuliza. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, na mwaka uliofuata kikawekwa chini ya leseni ya GPL, ambayo chanzo chake ni GNU, mradi wa programu huria wa Richard Stallman. Leseni hiyo inakupa ruhusa ya kutumia, kusoma msimbo wote, kuubadilisha na kugawa, kwa sharti kwamba ukigawa ulichobadilisha, nawe uache msimbo wazi. Kampuni kama Intel, Red Hat na Google hulipa mishahara ya watu wanaouandika, kwa sababu nazo zinautegemea. Simu ya Android ya kaka yako inatumia kiini hicho hicho. Linux Mint yenyewe huishi kwa michango na wafadhili. Msimbo ukiwa wazi kiasi hicho, mwenye kutaka kupeleleza ana kazi ngumu kuficha.

Na watu wa kwetu wamo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa kuifanya. Wewe uko chuo, unaweza kuendeleza kazi ya namna hiyo jioni hii.

SWALI: Dada, mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Hesabu zote ziko kwenye QuickBooks ya kwenye kompyuta. Nihamie Linux?

JIBU: Usihamie. QuickBooks hiyo haikutengenezwa kwa Linux, na njia za kuilazimisha si za kuwekea hesabu za watu. Tafuta mashine inayokubali Windows 11 kwa kazi ya duka. Hiyo ya zamani ipe Linux, iwe ya watoto nyumbani.

SWALI: Habari Dada Fundi. Niko Likoni, Mombasa. Nina kakompyuta kadogo ka mwaka 2009, prosesa ni Intel Atom N270, RAM GB 1. Mwanangu wa darasa la sita anakataka. Hiyo Mint itaingia?

JIBU: Salama, mama. Haitaingia. Atom N270 ni ya biti 32, aina ya zamani, na Mint 22 inataka 64. Milango inazidi kufungwa: toleo la 13 la Debian, Linux nyingine, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha biti 32, na Mozilla nao wameacha kutoa Firefox mpya kwa Linux ya aina hiyo. Linux inayobaki ninayoiamini ni antiX, toleo la biti 32. Itawaka vizuri. Weka AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya hesabu, zote ni nyepesi. Mtoto ataandika insha, atasikiliza muziki, atajifunza kuchapa kwa vidole vyote kumi.

Intaneti ndiyo itamkasirisha. Kurasa za siku hizi zina mzigo ambao GB 1 haibebi, na video usimwahidi kabisa. Kwa hiyo kwa mashine hii, tofauti na ya mwalimu wa Njombe, sikushauri kununua SSD wala betri. Iweke antiX bila gharama, aitumie jinsi ilivyo, na hiyo fedha iweke kando mpaka upate mtumba ya biti 64 yenye RAM ya GB 4. Ukienda dukani uliza modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine, usitosheke na kuambiwa ni Core i5, kisha niandikie modeli hiyo kabla hujalipa.