Asiye na TIN naye analipa kodi

Dada yangu wa Mbagala, unauliza kama wewe muuza chapati usiye na TIN (namba ya mlipakodi) una haki ya kulalamikia kodi. Unayo, maana unalipa. Ukinunua sabuni au karai, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 imo humo humo kwenye bei. Tajiri wa Masaki analipa kiwango hicho hicho, ila yeye hela nyingi anaweka akiba; wewe ukipata unatumia karibu yote. Kwa hiyo inakuuma zaidi, na hilo si haki.

Kodi ya mshahara ina afadhali: 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi, kisha viwango vinapanda kutoka asilimia 8 hadi 30. Shida ni kwamba inawashika walioajiriwa rasmi tu, ndiyo maana serikali hukimbilia kodi za matumizi. Hata tozo ya miamala ya simu ya 2021 ilibidi ipunguzwe mwaka huo huo, watu walipopiga kelele.

Ukinunua Kariakoo dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), la sivyo VAT yako inaweza kubaki mfukoni mwa mwenye duka. Na TIN usiiogope: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato.